Kila Mgeni na Vidonge Vyake

Msinicheke kabla sijamaliza. Juma lililopita homa ilinilaza nyumbani kwangu hapa Songo. Kwetu anayekuja kumwona mgonjwa haji mikono mitupu, na siku hizi wengi huleta vidonge. Mama mkwe alitoka Luvungi na vyake vya homa. Jirani yangu, Mama Zawadi, akaleta vya mafua, na shemeji akaleta vya mgongo. Ningemkatalia nani? Nilimeza vya kila mmoja mbele yake, na kila mmoja nikamnong'oneza kwamba vyake ndivyo vilivyonipa nafuu. Nikajiona mtu wa adabu kweli. Mimi mwalimu, ninayewafokea wanafunzi wasome swali lote kabla ya kujibu, sikusoma hata pakiti moja.

Badala ya kupona, nikaanza kutapika. Shemeji akamwita muuguzi, naye akanikuta na wageni wangu wote watatu. Alizikusanya pakiti, akazisoma, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, majina iko mbalimbali, lakini ndani yote iko parasetamoli. Kwa kipimo chake inashusha homa. Ukizidisha hivi, inaharibu maini. Twende hospitali sasa hivi, wapime damu."

Nikatafuta viatu. Mama mkwe akawageukia wenzake.

"Lakini si aliniambia minye, yangu ndiyo ilimuponyesha?"

"Hata minye," akasema Mama Zawadi.

Shemeji akainamisha kichwa. Mama mkwe akanisogelea, akauliza polepole:

"Mukwe, sasa weye ulitaka kufa juu ya kunifurahisha?"