Mama Mkwe na Homa ya Prosesa

Nyumba yetu ya Kasenga ina sebule moja, na humo kompyuta yangu ilikaa kama mgeni wa heshima. Ilisimama kando ya televisheni, mnara mweusi ulioungwaungwa kwa vipande vilivyonunuliwa Bujumbura, na kwa huo nilitengeneza filamu za harusi. Kazi yenyewe naipenda. Kilichonichosha ni kungoja. Ukimaliza kukata na kupanga picha, unaiagiza mashine izitoe kuwa filamu moja, kisha unakaa. Unakunywa chai. Unakwenda ziwani kuoga, unarudi, na mstari wa kijani kwenye skrini umesogea upana wa kidole.

Msimu ule nilikuwa na harusi ya binti wa jirani, na familia yake ilipita mlangoni kila jioni. Hakuna aliyeuliza habari za filamu. Walisalimia tu, wakachungulia skrini, wakaenda. Salamu za namna hiyo zinauma kuliko matusi.

Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akashuka kutoka Bukavu kututembelea. Anafundisha fizikia kwenye shule ya sekondari, na hawezi kuona kitu kinakwenda polepole akanyamaza. Alitazama mstari wa kijani, akanitazama mimi.

"Hii prosesa yako haiko ya kufungwa," alisema baada ya kusoma kwenye skrini jina la huo ubongo wa mashine. "Zingine wanazifungaka kiwandani, mwendo wake haugusiki. Yako iko wazi. Tunaweza kuibusta, ikimbie zaidi."

"Haitaungua?"

"Shemeji, minye nafundisha joto kila wiki."

Tuliingia kwenye ukurasa wa bluu unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, shemeji akapandisha mwendo. Hakupandisha kidogo. Alipandisha kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu kisicho chake. Mashine ikaamka, mstari wa kijani ukaanza kukimbia, sisi wawili tukagongana viganja. Mke wangu akatoka jikoni kuona tunachoshangilia. Alipofika, skrini ilikuwa nyeusi na mashine kimya.

"Imekufa?" akauliza.

"Imejizima yenyewe," shemeji akasema. "Joto likizidi inajizima ili isiungue." Akazunguka nyuma ya mnara kutafuta sababu, akacheka hadi akakaa chini.

Sababu ilikuwa kitambaa. Mama mkwe wangu anafuma. Nyumbani kwetu amevisha viti, redio, televisheni, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kompyuta alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kikubwa, kilichoshuka nyuma na kuziba matundu yote ambamo feni hutolea hewa moto. Aliivisha kwa mkono wake siku ya Pasaka, na sote tukapiga makofi.

"Kitoe," nikamwambia shemeji.

"Minye? Ule ni mama yangu, na anafika kesho. Kitoe weye."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwetu mkwe hamsahihishi mama mkwe wake hata kwa neno dogo, sembuse kuvua kitambaa alichokivisha yeye. Mimi mbele yake hukaa wima, hujibu kwa sauti ya kanisani, na sijawahi kumaliza sahani ya ugali akiwa ananitazama. Nikamgeukia mke wangu. Alikwisha kurudi jikoni.

Kesho yake mama mkwe akafika kutoka Lubarika na mchele wa shamba lake. Tulikuwa tumerudisha mwendo wa zamani, mashine inafanya kazi, kitambaa kiko palepale. Baada ya salamu nikakohoa, nikasema kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

"Mutoto?"

"Hapana, mama. Mashini. Tafadhali weka mukono nyuma yake. Weye unajua homa kutupita sisi wote."

Aliinua pindo la kitambaa chake, akaingiza kiganja, akakitoa haraka.

"Yesu! Iko na homa!" Akanigeukia kwa hasira ya kweli. "Na weye unaiachaka imefunikwa? Mugonjwa wa homa anafunikwaka? Ulisomaka wapi?"

Akakivuta kitambaa, akakikunja, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekifuma. Nikaomba radhi. Shemeji alikuwa ameinama akichunguza viatu vyake, mabega yakimtikisika.

Tulipoufungua mnara, vumbi la barabara yetu lilikuwa limejaa ndani. Tukalitoa kwa brashi ya rangi. Ile pasti inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kuipozea ilikuwa imekauka kama uji uliosahauliwa sufuriani. Shemeji akasema amesikia watu wanapaka dawa ya meno badala yake.

"Mashini iko na meno?" mama mkwe akauliza, na mjadala ukaishia hapo.

Tukapakia mnara kwenye pikipiki, tukaupeleka Kimanga, kwa fundi mmoja aliyesoma darasa moja na shemeji, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alipaka pasti mpya, tone dogo tu, akafunga feni kubwa zaidi na kupandisha mwendo. Joto likawa zuri. Lakini kila tulipoipa mashine kazi nzito, ilizimika na kuwaka upya.

"Ni memwari," fundi akasema. "Sina hata shaka."

Akabadilisha memwari. Ikazimika tena. Fundi akanyamaza, jambo ambalo shemeji alisema halikutokea miaka yote ya shule. Ndipo shemeji akanyanyua kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, akakipima mkononi.

"Hii iko nyepesi kama kopo tupu. Prosesa ikikimbia inakula umeme zaidi, na hii haina cha kuipa."

Wakaweka kisanduku kingine, kizito, na mashine ikatulia.

"Ningefika huko," fundi akasema. Kisha akanionyesha vitu vidogo vyeusi vilivyozunguka prosesa. Ndivyo vinavyoilisha umeme, akaeleza. Kwenye kadi za gharama, yaani ule ubao unaobeba vipande vyote, huvalishwa chuma cha kuvipoza, na vyangu viko uchi. "Kwa hiyo musiende mbali. Kidogo kidogo, na mukishapandisha, mujaribu kwanza."

Nyumbani shemeji alipandisha ngazi moja moja. Mama mkwe alivuta kiti chake akakaa nyuma ya mnara, kiganja kwenye matundu. Skrini ilitupa namba za joto. Yeye hakuzitaka.

"Bado," alisema. Ngazi nyingine. "Bado." Ngazi nyingine. "Shusha."

"Mama, namba ziko muzuri!"

"Shusha, minye nimesema."

Shemeji alikuwa bado anabishana picha ilipoganda na kipanya kikakataa kusogea. Kama ni joto, au ni vile vitu vilivyo uchi, au prosesa yenyewe ilikuwa imefika mwisho wake, hatukujua. Shemeji akashusha ngazi moja. Mama mkwe akaamuru nyingine, na hapo tukaacha. Si mwendo wa ajabu, lakini filamu ya harusi ilikwisha kabla sijamaliza chai ya pili.

Familia ya jirani ikaja kuitazama sebuleni kwetu, mama mkwe katikati yao. Kwenye filamu maharusi walikuwa hawajafika hata kanisani, mama mkwe akajiona mwenyewe, amevaa kikwembe kipya cha kitenge, anacheza na wanawake wengine mlangoni. Ikapita.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Inakimbia sana. Tia polepole."

Nikapunguza mwendo. Mkono wake ukapanda juu taratibu, kitambaa cha jasho kikielea, bega likifuata. Alijitazama kwa makini, kichwa kimeinama upande. Baba wa binti akakohoa kwa adabu. Hakuna mwingine aliyethubutu.

"Polepole tena," mama mkwe akasema.