Kijiti cha Pili

Baba yangu alikuwa mlinzi wa msitu wa Matogoro, hapo juu ya mji wa Songea, na hata baada ya kustaafu alikuwa na miadi ya kila mwaka na ndege mmoja. Ndege mwenyewe si wa kukutoa nyumbani: mdogo, wa kijivu, kifuani ana michirizi utadhani kaguswa na mkono wenye masizi. Baridi inapoanza Ulaya huondoka huko, na mvua zetu zinapokaribia anakuwa amefika. Hukaa kwenye tawi kavu la mti mmoja ukingoni mwa msitu. Anaruka, anadaka mdudu hewani, anarudi palepale alipotoka.

Baba alikuwa akimtambua kwa darubini yake kuukuu. Ndege wengine wa aina hiyo wana vidole vinne kila mguu. Huyu mguu wake wa kushoto ulikuwa na vitatu. Mara moja nilipanda na Baba, akanipa darubini nihesabu. Nikaona majani, nikaona ukungu, nikasema nimeviona, ili tuteremke tukale.

Mwaka jana Baba aliugua ini. Hospitali wakatupa dawa za maumivu wakatuambia turudi naye nyumbani Mjimwema. Niliomba ruhusa shuleni Tunduru, ninakofundisha, nikaja kumuuguza. Miguu ilikuwa imemvimba, hata kufika barazani ilikuwa kazi. Hakulalamikia chakula wala maumivu. Aliuliza jambo moja tu.

"Mgeni wangu amefika?"

"Baba, kula uji kwanza."

"Nikijua amefika salama, inatosha."

Mimi si mtu wa subira, na kumtazama akiisha kidogokidogo kulinifanya nizidi kuwa mkali. Nikajiambia kujua hakutoshi, nitamletea amwone kwa macho yake.

Ulimbo nilifundishwa na yeye mwenyewe nikiwa mdogo, kabla hajaajiriwa kuwakamata watu wanaotega. Unakinga utomvu wa mkuyu, unauchemsha na mafuta mpaka unate vidoleni, unaupaka kwenye vijiti. Ndege akitua, ameganda. Na Baba alikuwa na sharti ambalo watoto tukilivunja tulichapwa: vijiti huhesabiwa wakati wa kwenda na huhesabiwa wakati wa kurudi. Ukiweka vitano, unarudi na vitano, kwa sababu ulimbo ulioachwa mtini unaendelea kukamata na hakuna atakayekula.

Nikapanda Matogoro asubuhi moja ya Novemba, nikafunga vijiti viwili kwenye tawi lile kavu, kwa kuwa nilijua tabia yake ya kurudi palepale. Haikupita saa moja, ndege wa kijivu alikuwa ananing'inia akipigapiga bawa moja. Nilifurahi kama mtoto. Nikakikata kijiti chake akiwa bado amenata, nikamfunga kwenye kanga, nikateremka mbio kwenye bodaboda. Kijiti cha pili nilikikumbuka nikiwa nimeshafika mjini, na mvua ilikuwa imeanza.

Baba alimpokea kwa mikono miwili. Hakutabasamu. Aliugeuza mguu wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia kwa muda mrefu.

"Siye huyu," akasema. "Wangu bado yuko njiani."

Akaomba mafuta ya alizeti na majivu, akaanza kumsafisha unyoya mmoja mmoja. Ndege alikufa kabla bawa moja halijaisha. Baba akamfunika kwa leso.

"Uliweka vijiti vingapi?"

"Kimoja, Baba."

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, na nilimdanganya kwa sababu niliogopa kugombezwa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniambia, "Nenda kamwangalie, mwanangu." Nilikuwa nikitoka kweli. Nikifika kwenye mgahawa wa kona naagiza chai na chapati, nakaa kiasi cha mtu kupanda na kushuka, narudi na matope kwenye viatu, ambayo Mjimwema hayahitaji kutafutwa. "Bado, Baba," nasema. Njia ilikuwa mbaya, nilikuwa nimechoka, na sikutaka kuliona tawi lile. Kijiti kile nilijiambia mvua zimeshakiosha. Lakini ulimbo umepikwa na mafuta, na hilo nalijua tangu utotoni.

Alifariki katikati ya Desemba, mchana, watu wakiwa wanasali rozari sebuleni. Muda mfupi kabla aliniuliza tena, kwa midomo tu, sauti ikiwa imekwisha. Nikamwambia bado.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda Matogoro kukiondoa kijiti. Nilikiona kwa mbali, na nilichokiona juu yake kilinifanya nitamani kurudi. Alikuwa amekauka akiwa kichwa chini, mabawa wazi, siafu wameshamaliza macho. Nikamshusha, nikaupangusa mguu wake wa kushoto kwa pindo la kanga, nikahesabu vidole. Nikahesabu tena polepole, kama ambavyo Baba alitaka nihesabu siku ile ya darubini.

Vilikuwa vitatu.