Mondo Hawindi Upepo Ukivuma

Nakumbuka vizuri juma lile, mjukuu wangu, kule Rongai miaka ya hamsini, tulipokuwa tukiishi kwenye shamba la ngano la mzungu. Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa, tena mwenye mdomo. Jumamosi wazee wa upande wa mchumba wangu wangekuja kwetu, na mama alikuwa amenikabidhi tetea mwekundu wa kuwapikia. Tetea akapotea.

Sikuuliza mtu. Kandokando ya ngano alikuwa akipita mondo, yule paka wa porini mwenye madoadoa, miguu mirefu na masikio makubwa ajabu. Nikasema huyu ndiye mwizi. Nikatega kitanzi cha waya kwenye njia yake, nikajiona shujaa. Jambo usilolijua ni usiku wa kiza, nami nilikuwa gizani saa nne ya mchana.

Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya, akaniuliza, "Umemwona akimla?"

"Nani mwingine, Kogo?"

"Hujanijibu. Njoo tukae."

Tukakaa kwenye tuta. Upepo ulikuwa ukivuma, na mondo yule, jike, amejikalia tu. Nikamcheka, nikamwita mvivu. Kogo akanieleza kwamba mondo huwinda kwa masikio: humsikia panya majanini, hata fuko akichimba chini ya ardhi. Upepo ukimziba masikio, hungoja.

"Akiruka sasa atashika majani," akasema. "Hula kuku pia, simtetei. Lakini panya ndio ugali wake."

Upepo ukatulia. Masikio yakasimama, yakageuka huku na huku. Akaruka juu, akatua kwa miguu ya mbele, akainuka na panya mdomoni. Hakumla. Alikuwa akiwapelekea watoto wake, na njia aliyoshika ilikuwa ile ya mtego wangu.

Nilikimbia nikipiga kelele kama mwenda wazimu, mondo akachepuka, akapotea ndani ya ngano na panya wake. Nikang'oa waya, nikaenda kuuficha chini ya kuni nyuma ya nyumba yetu. Kitu kikanidonoa mkono. Alikuwa tetea wangu, amevimba kwa hasira, analalia mayai tisa. Huko sikuwa nimetafuta hata kidogo.

Kuku anayeatamia hachinjwi. Wageni walikula ugali na maharagwe, wakateremsha kwa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, na Kogo akawasimulia kisa chote mbele yangu. Niliona haya, sikujua nitazame wapi. Baba mkwe akacheka hadi akafuta machozi, akasema msichana anayekimbia kuuvunja mtego wake mwenyewe anafaa kwao. Ndipo nikaolewa na babu yako.

Basi, mwanangu, kitu chako kikipotea na damu ikakuchemka, jua huo ni upepo. Kaa kwanza, utulie. Tafuta nyuma ya nyumba yako kabla hujamtaja jirani. Na kama umeshatega, kimbia ukategue, hata wakikucheka. Mungu akupe masikio ya kusikia, na miguu ya kuwahi.