Viroboto wa Maji ya Chumvi

Mume wangu alikuwa fundi majokofu, mtu aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Victoria, na bado alikuwa anachanganya chumvi ya kuagiza na maji kwenye ndoo ili atengeneze bahari sebuleni kwetu Ilemela. Nilimcheka mpaka nikachoka. Nyumba yetu yenyewe imekaa juu ya jiwe, Mwanza nzima ni mawe, lakini yeye aliagiza mawe kutoka Dar. Eti mawe ya bahari. Akayapanga ndani ya tangi la kioo, akaweka samaki mmoja tu, mdogo kama kidole gumba, mwenye michirizi ya bluu na rangi ya chungwa kama kitenge kipya.

Samaki yule alikuwa na maringo. Chakula cha kopo hakigusi. Alikula vijidudu hai peke yake, jamii ya kamba wa baharini, ila vidogo kuliko punje ya ulezi. Viliishi kwenye matundu ya mawe, na navyo vilikula uchafu na ukungu wa kijani kwenye kioo, hivyo tangi lilijisafisha lenyewe. Mimi niliviita viroboto.

"Mtu mwenye akili zake anafuga viroboto?" nilimuuliza.

"Mke wangu, hao ndio wafanyakazi," alisema. "Samaki ni bosi tu."

Presha ilimwangusha kazini, mchana kweupe. Hakuugua hata siku moja.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga nyumba huoshwa: kuta, vyombo, mapazia, kila kitu alichoacha marehemu. Mjane hashiki kazi. Nilikaa chumbani kwenye mkeka pamoja na mawifi, nikasikia brashi ikikwaruza nje, nikadhani wanasugua masufuria. Nilipotoka jioni, mawe ya tangi yalikuwa yamerudishwa majini, meupe kama chokaa. Mama mkwe alikuwa ameona wadudu wakitembea juu ya mawe hayo, akaona aibu wageni wakute wadudu nyumbani kwa mwanawe. Aliyasugua kwa sabuni, akayasuuza sana, akayaanika juani.

"Nimekusafishia, mwanangu," aliniambia. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

Nilisema asante. Moyoni nilitaka kupiga kelele. Mashati ya mume wangu yalikuwa yameshagawiwa, shuka zimefuliwa, harufu yake imetoka ndani ya nyumba. Alichoniachia kilicho hai kilikuwa samaki yule mmoja, na sasa hana chakula.

Kuanzia hapo nyumba ikawa nzito. Pampu ya tangi ilikuwa na tabia ya kukoroma kidogo, ikanyamaza, ikakoroma tena, nami nikidhani ni mume wangu ananiita, nilikuwa naitika. Naapa, niliitika "Abee!" nikiwa jikoni, mikono ina unga, kabla sijakumbuka. Samaki alizunguka mawe yale meupe, akadonoa, akahama, akadonoa tena, asipate kitu. Mama mkwe, ambaye alibaki kukaa nami, aliweka kiti mbele ya kioo kila mchana.

"Huyu anatafuta nini?" aliniuliza.

"Anacheza tu, mama."

Nilimpigia simu muuzaji wa Dar aliyemuuzia mume wangu mawe na vijidudu, akaniambia nisubiri wiki mbili ndipo atume chupa nyingine ya vijidudu. Wiki mbili! Tumbo la samaki lilikuwa limeshabonyea. Basi nikafanya kosa ambalo mtu wa ziwa tu ndiye angelifanya, maana sisi tumekua tukijua kwamba ziwa halimnyimi mtu. Nikashuka ufukweni na ndoo na kipande cha khanga, nikachuja maji kwenye majani mpaka nikapata vijidudu tele, vinarukaruka, sawasawa na viroboto wa mume wangu. Nikavimwaga ndani ya tangi huku nacheka peke yangu. Samaki alivamia, akala viwili, vitatu. Kisha vilivyobaki vikaacha kuruka. Vilishuka chini taratibu kama vumbi, vyote, kwa sababu viumbe wa maji ya ziwa hawahimili chumvi.

Kesho yake maji yalinuka. Siku ya tatu nilimkuta samaki amelala ubavu nyuma ya jiwe. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, na nikamlaani mama mkwe kimoyomoyo, mimi niliyebeba ile ndoo. Yeye nilimwambia samaki amekufa kwa uzee.

Chupa ilifika wiki mbili zilipokwisha. Nikaenda kuipokea stendi ya Nyegezi, nikabadilisha maji, nikavimimina vijidudu humo, sijui kwa nini. Havikuwa na wa kuvila, basi vikazaliana. Baada ya muda kioo kilijaa nukta zinazotembea, na ukungu haukuonekana hata doa. Kila nilipoinama kuvitazama nilimhisi mume wangu nyuma yangu, karibu kabisa na shingo, akisubiri nimwambie bosi yuko wapi. Sikugeuka. Niliogopa kumkuta, na niliogopa zaidi kutomkuta.

Mchana mmoja mama mkwe alivuta kiti chake, akatazama kwa muda mrefu.

"Samaki hayupo siku nyingi," alisema. "Sasa hawa wadudu wanafanya nini humo?"

"Wanasafisha, mama. Hiyo ndiyo kazi yao."

Akaweka kidole kwenye kioo, akamfuata mmoja wao polepole mpaka alipoingia kwenye tundu la jiwe.

"Hata mimi nilikuwa nasafisha tu, mwanangu," alisema.

Sikuwa nimewahi kumwambia samaki alikuwa anakula nini.