Kaburi la Majani

Kama ungepita Nyamitaba mwaka jana, mwisho wa mwezi wa tano, ungeambiwa kwamba ng'ombe wa Mama Daphrose amekufa na amezikwa nyuma ya jiko. Ungeambiwa hivyo na watu wazima wenye akili zao, tena watu wa kusali. Na wote walikuwa wanajidanganya.

Mama Daphrose ni mjane wa miaka arobaini na moja, mfupi, mwenye mwendo wa haraka mno. Hata akienda misa utadhani ameacha sufuria kwenye moto. Mumewe Straton alimwachia watoto wanne na shamba moja lililolala kwenye mteremko mkali. Alimwachia pia Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye macho ya upole. Lakini tusidanganyane, Bihogo hakuwa wa Straton. Alikuwa wa baba yake Straton, Papa Sebarenzi, aliyewaazima tu ili watoto wapate maziwa. Straton alipofariki, mzee hakusema neno. Ila kila mtu alijua kwamba anaweza kumchukua ng'ombe wake siku yoyote atakayotaka, na Daphrose alijua kuliko wote.

Na bila Bihogo, jamani, nini kingebaki? Shamba lile lilikuwa limechoka kabisa. Mvua ikinyesha, udongo mzuri ulikuwa unateremka mtoni, juu yanabaki mawe. Daphrose alichimba fosé, mitaro ya kukinga maji, akapanda urubingo kwenye kingo zake, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe ambayo mizizi yake inashika udongo. Kisha akabeba samadi ya Bihogo, karai kwa karai, mpaka ngozi ya kichwa ikamuuma. Msimu wa pili maharagi yakabeba hadi majirani wakawa wanasimama njiani kutazama. Asubuhi maziwa mengine yalikwenda kwa mtengeneza fromage, yaani jibini, mengine yakabaki kwa watoto. Nyumba nzima ilikuwa inamtegemea mnyama mmoja, tena wa kuazima.

Taabu ilikuwa kiangazi. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, majani ya kilimani yanakauka, Bihogo anakonda, maziwa yanapungua mpaka kikombe kimoja. Na kupeleka ng'ombe malishoni juu siku hizi kuna mashaka yake, sina haja ya kuyasimulia. Basi ikaja formasio, mafunzo ya siku tatu kwenye ukumbi wa parokia. Mwagronome, mtaalamu wa kilimo, aliwaambia kina mama kwamba ng'ombe anayelishwa nyumbani, kwenye kiraro, banda lake, anatoa maziwa kuliko yule anayezunguka kutwa nzima akitafuta majani. Akawafundisha ensilage: unakata majani wakati wa mvua, yakiwa mengi, unayakatakata, unayashindilia shimoni pamoja na pumba za mahindi, unafunika hewa isipite. Baada ya siku arobaini unakuwa na chakula kibichi katikati ya kiangazi. Wanawake wengine waliandika kwenye daftari wakarudi nyumbani. Daphrose aliandika, akarudi, akashika jembe.

Siku nne alichimba peke yake. Wiki hiyohiyo alimfungia Bihogo kiraroni, upande wa chini wa nyumba ambako mpita njia haoni. Akakata urubingo, akauanika siku moja unyauke, akaukatakata kwa panga mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Akatandika bashi, lile turubai la plastiki, shimoni, akamwaga majani, akapanda juu yake na kukanyaga. Alikanyaga akiimba nyimbo za kanisani, kwa furaha tu, maana alikuwa ameanza kuona kiangazi kitakavyokuwa. Mwisho alifunika kwa bashi, akarundika udongo, akapanga mawe.

Sasa fikiria jirani anayechungulia. Anaona tuta la udongo, refu, limepangwa mawe vizuri. Ng'ombe haonekani malishoni siku ya tatu. Mwenye ng'ombe macho mekundu, kanga yake kuukuu imejaa udongo. Wewe ungesemaje?

Joséphine-Marie, jirani wa upande wa juu, hakungoja kuuliza. Aliwakusanya kina mama saba, wakaja na kuni, na unga, na dumu la mandale, ile pombe ya ndizi, kama inavyofanywa mahali palipofiwa. Kwa wafugaji wa kule, kufiwa na ng'ombe si jambo la kupeana pole barabarani. Waliingia kimya, wakaketi, wakainamisha vichwa. Daphrose akadhani wanakuja kumpasha habari ya kifo cha mtu wake. Akauliza ni nani amekufa. Wakatazamana. Na hapohapo, upande wa chini wa nyumba, marehemu akalia mooo.

Walicheka mpaka mmoja akalala chini. Mandale ilinyweka vilevile, ingerudishwaje? Lakini habari ya msiba ilikuwa imeshafika mbali, na habari ya kwamba hakuna msiba haikuwa na miguu ya haraka hivyo. Papa Sebarenzi aliambiwa ng'ombe wake amezikwa kwa siri. Akaja na wadogo zake wawili, fimbo mkononi, uso umekunjamana.

Daphrose alimpokea kwa heshima, akampeleka moja kwa moja kiraroni. Mzee akamwona Bihogo anacheua zake. Hasira ikakosa pa kukaa. Akageuka, akaonyesha tuta kwa fimbo.

"Na hii kaburi iko ya nani?"

"Iko chakula ya Bihogo, Papa. Ni majani. Ataikula kiangazi."

Wadogo zake wakaangua kicheko. Majani kuzikwa! Mzee yeye hakucheka. Alichunga ng'ombe tangu akiwa mtoto, na kwake ng'ombe aliyefungwa ndani ni mgonjwa au mfungwa. Alitaka shimo lifunguliwe palepale aone. Daphrose, ambaye hajawahi kumkatalia mkwe wake hata kiti, alisimama juu ya tuta. Akamweleza kwamba hewa ikiingia kabla ya siku zake yote yataoza, na kazi yote itakuwa bure. Hakushuka.

Mzee akashusha fimbo. "Basi," akasema, "nitarudi mwisho wa mwezi wa munane. Nikihesabu hata rubavu moja ya hii ngombe, namubeba."

Tangu siku hiyo Daphrose hakuwa na wazo lingine. Kiangazi kilikuja kikali. Mwezi wa sita Bihogo alikula urubingo wa kingo za shamba, ukakatwa mpaka visiki. Katikati ya mwezi wa saba kilima chote kilikuwa na rangi ya ugoro. Siku arobaini zilikuwa zimeshapita. Ikawa ni kufungua tu.

Alipiga ishara ya msalaba, akaondoa mawe upande mmoja, akafunua bashi kidogo. Harufu ikamgonga puani. Haikuwa ya uozo. Ilikuwa chachu na tamu kidogo, karibu sana na ile mandale ya msiba wa uongo. Majani yalikuwa na rangi ya zeituni, yenye unyevu, yameshikamana. Akaonja kabisa, ndiyo, aliweka mdomoni! Akacheka peke yake kama mwehu, akajaza karai, akakimbia kiraroni.

Bihogo akanusa. Akapuliza pua. Akageuza kichwa ukutani.

Daphrose hakukubali kushindwa. Alimbembeleza, akamkwaruza shingo, akampakaza midomoni, wapi. Jioni ilifika karai likiwa vilevile. Joséphine-Marie alikuja kumsaidia kushauriana na ng'ombe, akashauri chumvi. Wakanyunyizia chumvi. Bihogo akalamba chumvi, akaacha majani. Yule mnyama alikuwa na kiburi cha ukoo wa wakwe wote! Daphrose alimwambia hivyo usoni.

Asubuhi alikwenda na jembe begani, akiwa amekata tamaa, akiwaza atapata wapi majani. Karai lilikuwa tupu. Lilikuwa limelambwa mpaka linang'aa, na Bihogo anamtazama kama anauliza mengine yako wapi. Daphrose alitupa jembe, akamkumbatia shingo.

Hapo mambo yakaanza kukimbia. Maziwa hayakushuka. Wiki ya pili yakapanda. Mtengeneza fromage alishangaa kuona bidoni, dumu la maziwa la Daphrose, limejaa wakati wengine wanaleta chupa, akamtania kwamba anaongeza maji, mpaka alipoyapima akakuta mazito. Kina mama walewale waliokuja kulia wakaja na daftari zao. Kila mmoja alitaka kuonyeshwa shimo. Hakorimana, fundi wa kuchimba visima, akaitwa nyumba tatu kwa siku moja, akawa anauliza kama kijiji kizima kimepata ugonjwa.

Mwisho wa mwezi wa nane, siku ya Jumamosi, Papa Sebarenzi akaja. Alikuja peke yake, amekonda, na kiatu kimejaa vumbi la mbali. Kiangazi kilikuwa kimemla. Ng'ombe zake wawili walikuwa wameangukia njiani wakitafuta maji na majani, na waliobaki walikuwa mifupa inayotembea. Alikuwa na kamba mkononi. Daphrose alipoiona ile kamba, alitangulia kusimama kando ya Bihogo.

Mzee aliingia kiraroni. Akampitishia Bihogo kiganja ubavuni, polepole, kutoka begani mpaka nyongani. Akarudia upande wa pili. Kiganja hakikukwama popote. Akainama, akachukua majani kutoka kwenye karai, akanusa, akayashika muda. Daphrose akampa kikombe cha maziwa. Alikunywa chote amesimama, akafuta mdomo.

"Nilikuwa nakuja kumubeba," akasema. "Hata ingekuwa munene, ningemubeba, maana ngombe zangu zimekwisha. Lakini nikimupeleka kule, itakufa sawa na zile zingine." Akaitupa kamba chini. "Ndio vile, mutoto wangu. Ngombe iko yako. Hii na zile itazaa."

Kwa watu wa kilima kile, aliyepewa ng'ombe hasemi asante chinichini. Anatoka nje, anapiga makofi, anamtaja mtoaji kwa sauti ili vilima vyote visikie. Lakini ni wanaume wanaopewa ng'ombe, na Daphrose maisha yake yote hakuwahi kusikia mwito ule ukitoka kwenye koo la mwanamke. Alimtazama mkwe wake kama anaomba ruhusa. Mzee akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Daphrose akatoka uani, akapiga makofi, akapaza sauti kwa Kinyarwanda cha baba zake: "Sebarenzi yampaye inka!" Sebarenzi amenipa ng'ombe. Aliita mara tatu, na mara ya tatu sauti ilikatika kwa sababu alikuwa analia.