Vitambaa vya Altare

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Nimeikumbuka leo nilipomwona mama akipiga pasi vitambaa vya altare, nami nikakasirika upya. Miaka yote Mwili wa Bwana unawekwa juu ya vitambaa alivyofua yeye, naye haruhusiwi kuupokea.

Siku ile uani palinuka dagaa na sabuni. Mwalimu wa dini alikataa hata kuketi.

"Mama, ukitaka Komunyo, rudi kwa baba yako kule Sengerema. Wewe ni mke wa pili, hiyo si ndoa."

"Na huyu mtoto?"

"Mtoto ni wa baba yake."

"Haya. Na vitambaa atafua padre?"

Mimi nilisikia Sengerema tu. Nikakimbia ndani, nikafunga gauni langu kwenye kanga, nikarudi nikirukaruka. "Mama, twende kwa babu!" Sasa najua kwamba katika safari ile mimi sikuwamo. Mama alilifungua furushi langu polepole.

Kesho yake asubuhi alivipeleka vitambaa kanisani, vyeupe kama kawaida. Wenzake walipoinuka kwenda kupokea, yeye alibaki amepiga magoti benchi la nyuma, amelishika kwa nguvu gauni nililovaa kando yake.