Paka Hakuwamo Kwenye Fomu

Mimi ni afisa mifugo wa kata. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, Moshono na pembezoni mwake, nikiwa na fomu, kalamu na gambuti, nikiuliza swali lile lile: mna mifugo gani? Watu hujibu ng'ombe wawili, mbuzi watano, kuku sijui wangapi, nami naandika. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunitajia paka, wala mimi sikuwahi kumuulizia. Paka yupo tu ndani, kama ufagio.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba anayesimulia upuuzi huu ni mtu aliyesoma. Nimesomea kupe, viroboto, chawa na utitiri, nikafanya mtihani nikafaulu. Ukiniletea ndama mwenye homa na tezi imevimba chini ya sikio, sihitaji kufikiri mara mbili. Ndigana kali hiyo, kaumwa na kupe. Nauliza ameogeshwa lini mara ya mwisho, mwenye ndama anaanza kuutazama mlima, nami namfokea. Najulikana kwa kufoka. Wapo ambao wakisikia pikipiki yangu kwa mbali wanakimbilia kufagia banda.

Paka wetu aliletwa na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye binti yangu humwita koko, yaani bibi. Alimtoa kwao, upande wa magharibi wa Mlima Meru, akaja naye ndani ya kikapu kwa sababu panya walikuwa wanatumalizia mahindi. Panya wakapungua, viroboto wakaja. Mtoto akawa anajikuna vifundo vya miguu, na koko akatoa ushauri ambao ungetolewa na nyumba yoyote huku kwetu.

"Dawa ya kupe si imebaki ile ya ng'ombe? Mchovye tu."

"Atajilamba, mama, afe."

"Basi wewe ndiye mtaalamu."

Mtaalamu alikataza kosa, halafu hakufanya lililo sahihi. Kila siku nilipita mbele ya duka la dawa za mifugo nikisema kesho nitanunua dawa ya paka. Siku moja nikamwondoa paka kwenye kochi, akanikwaruza mkono. Nilipandwa na hasira, nikatangaza sebuleni kwamba akimkwaruza mtu mwingine humu ndani, anaingia kwenye gunia na anaenda kushushwa sokoni Tengeru. Ndivyo tunavyofanya. Paka hauawi, anapelekwa soko la mbali, anafunguliwa, akajitafutie. Binti yangu wa miaka tisa alikuwepo akinisikiliza.

Wiki kadhaa baadaye akapata homa, na mtoki kwapani mkono wa kulia, mkubwa kama ndimu.

Zahanati ya kwanza walisema taifodi. Huku kwetu ukiingia zahanati na homa, ni shida kutoka bila taifodi. Tukamaliza dawa, homa ikapungua, ikarudi, mtoki haukusogea. Zahanati ya pili walisema ni taifodi hiyo hiyo, ila imekuwa sugu, wakaongeza sindano. Koko akawa anaukanda ule mtoki kila asubuhi kwa maji moto ya chumvi, mtoto analia, mimi nachelewa kazini, na simu inaita. Ni baba yake, dereva wa watalii, yuko mbugani, anauliza kama mtoto amepona.

"Hajapona! Kama mtandao umeupata huko, na njia ya kurudi utaipata."

Niliwakasirikia wote kwa zamu. Maabara, wauguzi, foleni, mume, maji moto ya koko. Katika hasira zote hizo sikuwahi kumkasirikia mtu anayestahili.

Tukaenda hospitali kubwa mjini. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole mpaka anachosha. Aliuliza, "Nyumbani mnafuga nini?"

"Ng'ombe mmoja wa maziwa, na kuku," nilijibu kwa haraka ya mtu wa fani.

Akaagiza kipimo cha ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao watu huupata kwenye maziwa mabichi. Niliudhika sana. Kwangu maziwa yanachemshwa mpaka yanakoma kuwa maziwa. Majibu yakaja: hana. Akapigwa picha ya kifua, kifua safi. Lakini kifua kikuu cha tezi, daktari alisema, si lazima kionekane kifuani. Kwa hiyo Alhamisi mtoto atalazwa, atachomwa sindano ya usingizi, watapasua kwapani na kuchukua kinyama wakipime.

"Na isipokuwa kifua kikuu?"

"Tusubiri kipimo, mama."

Nililijua neno alilokuwa analikwepa. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano tulirudi kwa ajili ya kuchukuliwa damu. Mtoto alikuwa amevaa sweta la shule, jua kali, na nilikuwa nimeshamgombeza njiani kwa ajili ya sweta hilo. Daktari mwenyewe alimkunjia mkono wa sweta kutafuta mshipa, akasita. Juu kidogo ya kiganja kulikuwa na mistari mitatu iliyokwisha pona, na pembeni yake kipele kikavu.

"Hii ni nini?"

"Miiba," mtoto akasema.

"Miiba ya wapi?"

"Ya uani."

"Mnaye paka nyumbani?"

Hakumjibu daktari. Alinigeukia mimi.

"Mama, nikisema utakasirika?"

"Sikasiriki!" nilisema. "Sema!"

Nilisema kwa sauti iliyomfanya muuguzi wa chumba cha pili afungue mlango kuchungulia. Daktari akaweka sindano chini, akaniambia kwa upole wake ule, "Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

Nikatolewa nje. Mimi. Nikakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, nimekumbatia kimkoba cha mwanangu, na kupitia mlangoni nikasikia anaongea, anaongea, mtoto ambaye kwa wiki nzima nilikuwa namvuta maneno.

Daktari aliponiita alinieleza yote. Yapo bakteria wanaoishi kwenye damu ya paka, na paka mwenyewe wala hasumbuki. Viroboto ndio wanaowahamisha kutoka paka mmoja hadi mwingine. Kinyesi cha kiroboto kinabaki kwenye manyoya, paka anajikuna, kinaingia kwenye kucha, halafu anamkwaruza mtoto. Tezi ya karibu inavimba. Kipimo chake hapa hawana, alisema, lakini dalili zinafanana, na mara nyingi ugonjwa huu huisha wenyewe. Atampa dawa nyingine, na kupasua kutasubiri wiki tatu tuone. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. Mdudu, mnyama, tezi: ni hadithi ninayowasimulia wafugaji kila wiki, tena kwa kufoka.

"Alikwaruzwa zamani," daktari akaendelea. "Akaosha kwa sabuni ya kufulia, akavaa sweta. Anasema paka angepelekwa sokoni."

"Lakini alijua kwamba atapasuliwa kesho?"

"Alijua. Alimuuliza bibi yake kama inauma sana."

Alipima, mtoto wa miaka tisa, kisu upande mmoja na mama yake upande mwingine, akachagua kisu.

Siku hiyo hiyo nilinunua dawa ya viroboto ya paka, ile iliyokuwepo dukani siku zote. Nikafua matandiko, nikamchana paka kwa kitana chembamba huku nimevaa glovu ndefu za kazini. Nikamwambia mtoto kwamba paka haendi popote. Akaitikia, ila jioni ile alikula huku amempakata. Wiki ya pili mtoki ulipungua ukawa kama harage, ya tatu ukaisha, na hakuna aliyepasuliwa. Kila mtu nyumbani alinipongeza kwa kuhangaika, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Juzi mtoto alidondosha simu yangu, kioo kikapasuka. Zamani angeificha chini ya mto na kusema hajaiona. Safari hii aliniletea mwenyewe, akaiweka mezani, akarudi hadi mlangoni ndipo akaanza kueleza ilivyokuwa. Nilinyamaza nikamsikiliza mpaka mwisho, na sikupandisha sauti hata kidogo. Muda wote huo alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mwingine nje.